Usiitangaze nyumba yako, wala ya mwenzako

Wiki iliyopita niliandikiwa na dada mmoja wa Wete, Pemba, anayeuza vileja na visheti mtandaoni. Aliniuliza kama aweke lokesheni ya nyumba yao kwenye ukurasa wake wa Instagram, kwa kuwa baadhi ya wateja humwambia wazi kwamba hawamwamini muuzaji asiyejulikana anapoishi. Nimemjibu kwamba asiweke, na sababu zangu nazieleza hapa kwa sababu tupo wengi tunaotaka biashara ikue na huku tulale kwa amani.

Mimi nauza udi na singo nyumbani kwetu mjini Unguja, na tangu nianze sijaandika mtandaoni zaidi ya jina la mji. Aliyeianika nyumba yetu ni mteja. Alikuja kuchukua singo ya bi harusi, akafurahi, akaupiga picha mlango wetu na kuirusha pamoja na lokesheni kamili na maneno mengi ya kunisifu. Siku chache baadaye, baada ya sala ya Magharibi, mwanamme tusiyemjua alisimama barazani akamwambia mama yangu kwamba ramani ndiyo iliyomleta. Alimuonesha simu yenye picha ya mlango ule ule, kisha akamuuliza mume wangu anarudi lini kutoka Dar es Salaam. Habari ya safari hiyo nayo ilikuwa hadharani, maana shemeji yangu alikuwa ameweka Facebook picha ya kaka yake akipanda boti. Mama hakumfungulia, alimwita jirani kwa sauti, na mtu yule akaenda zake.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya baadhi ya jamaa, waliosema kwamba hayo ndiyo malipo ya mwanamke kuuza mtandaoni. Maneno hayo hayajanitoka moyoni. Lakini sikufunga biashara, na leo mizigo yangu inapanda boti hadi Pemba.

Wapo wanaodhani kwamba hatari inakuja pale tu mtu anapobonyeza lokesheni kwa mkono wake. Sivyo: kamera ya simu ikiruhusiwa kujua mahali ulipo, huandika latitudo na longitudo, yaani namba zinazoonesha mahali hasa picha ilipopigwa, ndani ya faili la picha. Desemba 2012, John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize kwa mahojiano, alijulikana kuwa yuko Guatemala baada ya jarida la Vice kuchapisha picha yake ikiwa bado na taarifa hizo. WhatsApp huziondoa unapotuma picha kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama faili hubaki. Mwaka 2018 ikagundulika kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa ikionesha njia wanazopita askari wakikimbia mazoezi ndani ya kambi za kijeshi nchini Syria na Afghanistan. Ikiwa kambi zenye ulinzi zilionekana, ukuta wa nyumba zetu utatusitiri na nini?

Kwa hivyo, zima ruhusa ya mahali kwenye kamera. Picha za safari zirushe ukisharudi. Lokesheni inayokufuata ukitembea, WhatsApp inakupa dakika 15, saa moja au saa nane. Chagua muda mfupi, na mpe mtu mmoja unayemwamini, si kundi la ukoo mzima. Na ukialikwa kwa watu, usirushe nyumba yao bila ya idhini yao. Hili nalisisitiza, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kujihifadhi kwa kila njia, na mgeni mmoja akayabomoa yote kwa nia njema kabisa.

Kwako dada wa Wete: zungumza na mwenye duka unayemwamini pale sokoni, mpe chochote kidogo akupokelee wateja, kisha jina la duka lile ndilo uliweke kwenye ukurasa wako. Vileja vipige picha juu ya sinia, nyuma pasionekane mlango, namba ya nyumba wala sare za skuli za watoto zilizoanikwa kwenye kamba.