Linapanda mlima vizuri, lakini linazima kwenye taa

SWALI: Mhariri, salamu. Ninamiliki Toyota Corolla ya mwaka 1998 yenye injini ya 5A-FE, ambayo asubuhi huwaka bila shida yoyote. Injini ikishapata moto, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga eksileta) hushuka hadi mshale wa mizunguko ukakaribia 500, gari hutetemeka mpaka kwenye usukani, na nikiwasha kiyoyozi au nikikata usukani wakati wa kuegesha, linazima. Likiwa mwendoni halina neno, hata kwenye mlima wa Kitonga. Fundi amebadilisha plagi na pampu ya mafuta, lakini tofauti sijaiona, na sasa anataka ninunue nozeli (vinyunyizio vya mafuta) zote nne. Nifanyeje? Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, nozeli zisubiri. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe pale ulipotaja Kitonga, kwa kuwa pampu dhaifu au chujio lililoziba huumbuka mlimani, injini inapodai mafuta mengi, wala si kwenye foleni ambako inatumia kidogo sana. Fedha ya pampu, samahani kusema, ilikwenda bure.

Mguu unapotoka kwenye eksileta, kipepeo cha throtoli (mlango wa hewa ya injini) hujifunga, na hewa ya kuilisha injini hupita kwenye njia ndogo ya pembeni inayosimamiwa na vali ya sailensa, ambayo kwenye gari lako imefungwa chini ya throtoli. Mzigo unapoongezeka, kwa mfano kompresa ya kiyoyozi inaposhika, kompyuta huiamuru vali hiyo ifunguke zaidi. Ikiwa imekwama kwa masizi, haifunguki, na injini hukosa pumzi. Dalili ulizoeleza zinaelekea huko.

Hata hivyo, anza na kisichogharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya za plagi mmoja baada ya mwingine na utazame buti zake (vifuniko vya mpira vya ncha). Injini za aina hii zikizeeka, sili za matundu ya plagi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) hukauka na kuruhusu oili kushuka. Buti likitoka linang'aa oili, limevimba, au lina mstari mwembamba mithili ya unywele ulioungua, basi cheche inatorokea pembeni, na plagi mpya haiwezi kuiponya hali hiyo. Baadaye, injini ikinguruma, chomoa soketi ya nozeli moja moja (si waya wa plagi, maana huo utakupiga shoti). Ukiikata silinda isiyo na kasoro, mtetemo huzidi. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo yenye ugonjwa.

Zote nne zikijibu sawasawa, fungua bomba la hewa kutoka kwenye filta, usukume kipepeo kwa kidole na utazame nyuma yake. Nategemea utakuta utando mweusi mzito, ambao huondolewa kwa dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini, injini ikiwa imepoa. Vali yenyewe ni kazi ya fundi mtulivu: skrubu zake huliwa vichwa kwa urahisi, na maji ya rejeta hupita ndani yake, hivyo yatamwagika kidogo na ni lazima yajazwe tena na kutolewa hewa. Gasketi iliyochanika isirudishwe.

Usikubali mtu akupandishie sailensa kwa kukaza skrubu inayozuia kipepeo. Mafundi wengi hufanya hivyo, gari likatulia wiki moja, na anayefuata akakuta kasoro mbili badala ya moja.

Kama sailensa ingekuwa inapanda na kushuka yenyewe, ningeshuku kwanza hewa inayoingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka. Kipande cha bomba sikioni husaidia kusikia mluzi wake. Kunyunyizia petroli juu ya injini ya moto, kama nilivyowahi kuona gereji moja, ni kuomba moto. Pia mwombe fundi aunganishe kwa waya matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi na ahesabu mimweko ya taa ya injini: miwili, kituo, kisha miwili tena, maana yake ni 22, yaani sensa ya joto la maji ya injini au waya zake.

Wakati unashughulikia hayo, usiliendeshe mteremkoni ukiwa umetoa gia. Injini ikizima hapo, boosta ya breki hubakiza nguvu za kukanyaga mara chache tu, na usukani huwa mzito ghafla.

Mtetemo ukibaki baada ya usafi huo, pima kwanza kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote. Zikilingana, hapo ndipo nozeli nazo zitakapopata zamu yao, na zianze kwa kupimwa na kusafishwa.