Lipu juu ya rangi: wadogo zangu, pimeni kwanza

Wadogo zangu mlioanza kupanda jukwaani, nimechoka kuwaona mkibomoa kazi ambayo haijamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Kila saiti ni kosa lile lile. Ukuta wa nje una rangi, mwenye nyumba anataka uso mpya, fundi anafagia vumbi, anarusha maji, anapandisha lipu ya milimita nne au tano, jioni anapiga picha. Picha inatoka nzuri sana.

Lipu hushika tofali kwa sababu tofali linakunywa. Maji yenye saruji yanaingia kwenye vitundu vyake, saruji inakomaa humo humo na kutia mizizi. Rangi imeviziba vile vitundu. Ukipiga lipu juu yake, kazi yako yote umeining'iniza kwenye ule utando wa rangi, na siku utakapoachia, vyote vinashuka pamoja.

1. Pima rangi kabla hujafungua mfuko wa lipu. Futa ukuta kwa kiganja kikavu. Kikitoka na unga, rangi imeshachoka. Nyunyiza maji uone kama yananyweka au yanateleza tu. Kisha kata kwa kisu mistari ya kupitana, milimita chache kati ya mmoja na mwingine, bandika utepe wenye gundi kali, uvute kwa mkupuo. Vipande vikija na utepe, rangi hiyo inakwanguliwa. Rangi ya mafuta inayong'aa, hata ikishika vizuri, lazima ikwaruzwe yote au itolewe. Chokaa itoke yote, bila mjadala. Na mpime sehemu nyingi: chini ya madirisha, karibu na ardhi, upande unaopigwa na jua.

2. Kisu kifike kwenye tofali. Hapa naomba mnivumilie, maana hili linaniuma.

Niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa ambayo lipu mpya ilikuwa imevimba upande mmoja. Mafundi walikuwa vijana wazuri, wanaojituma, na walikuwa wamepima. Walibandika utepe, ukatoka safi, wakaridhika. Nikagonga ukuta kwa mpini wa nyundo kuanzia kona, nikasikia sauti tupu mita baada ya mita, mpaka juu ya dirisha. Nikaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa, nikasukuma kidogo, na pande zima likaja mkononi, pana kama mlango wa kabati.

Jamani, mkiokota pande la namna hiyo, ligeuzeni. Mgongo wake ndio unaotoa ushahidi. Ukiwa mtupu na rangi imebaki ukutani, lipu haikuishika rangi. Ukiwa na rangi, basi rangi ndiyo iliyouacha ukuta. Lile lilikuwa na rangi ya kijani mgongoni, imeng'ang'ania lipu kama ilivyotakiwa, na nyuma ya kijani kulikuwa na unga mweupe. Chokaa ya zamani. Mtu fulani, miaka mingi nyuma, alipaka rangi juu ya chokaa bila kuikwangua. Kisu cha wale vijana kilikata rangi ya juu tu. Hakikufika kwenye tabaka lililokuwa bovu.

Wakaongeza kosa la pili: waliona mchanganyiko wa kwenye mfuko ni dhaifu, wakatia saruji ya ziada ili lipu iwe ngumu. Saruji ikizidi, lipu husinyaa zaidi inapokauka, na ikisinyaa inavuta kilicho chini yake. Lipu ngumu ikavuta rangi, rangi ikavuta chokaa, na chokaa haikuwa na pa kujishikilia. Kila tabaka la juu linatakiwa liwe laini kidogo kuliko la chini yake. Wale vijana walisimama chini wakinitazama nikibomoa siku walizozitolea jasho, na sikuwa na la kuwafariji. Jua lilikuwa kali, na mwenye nyumba alikuwa ameshalipa. Ashukuriwe Mungu pande lile halikumwangukia mtoto.

3. Gundi ya kushikisha lipu. Ya nje ni SBR, gundi ya majimaji yenye mpira, ichanganywe na saruji iwe uji mzito, ipakwe kwa brashi, na lipu ipande ingali inanata. Ikikauka imekuwa utando mwingine wa kuteleza. Ikwanguliwe, muanze upya. Ile nyeupe ya PVA, kama gundi ya mbao, ibaki ndani, huku nje ikipata unyevu inalegea.

4. Wavu wa nyuzi za kioo, ule usioliwa na saruji. Unazamishwa kwenye lipu mbichi, karibu na uso wa nje, na vipande vipishane sentimita 10. Kuna mtindo wa kuugongomea mkavu ukutani kisha kupaka juu; huo uacheni leo hii, maana wavu unabaki nyuma ya lipu badala ya kuwa ndani yake, hausaidii chochote. Kona za madirisha ziongezewe kipande cha mshazari, kwa sababu nyufa huanzia pale.

5. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hautibiwi kwa lipu nyembamba, wala ufa unaoendelea kufunguka. Tafuta chanzo kwanza. Na lipu iishie kama sentimita 15 juu ya ardhi.

6. Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Msiipige grenda kavu mkiwa pua wazi. Lowesheni, vaeni barakoa ya vumbi laini, na watoto wakae mbali. Nimeona vijana wamefunga fulana usoni wakidhani wamejikinga. Vumbi hilo linapita kwenye kitambaa.

7. Fuateni kivuli. Ukuta wa mashariki mchana, wa magharibi asubuhi. Ukuta uliochemka unanyonya maji ya lipu kabla saruji haijakomaa.

Lipu ikishapanda, inyunyizieni maji siku tatu za mwanzo, isipokuwa mfuko ukisema vinginevyo. Ikiwa ya saruji, isubiri siku 28 kabla ya rangi mpya. Na kabla hamjashusha jukwaa, zungukeni na mpini wa nyundo, mgonge mita kwa mita. Panapolia tupu, wekeni alama ya chaki, mpakate na kupapiga upya siku hiyo hiyo.