Mnaoanza kazi za ushauri wa kodi, kazi inaanza kabla hujafika kwa mteja

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hizi kazi za ushauri wa kodi na mahesabu, mteja anakupima kwa swali lako la kwanza. Ukikaa tu ukaanza "naomba mnieleze biashara yenu inahusu nini" kashajua hukujiandaa, na huo muda yeye ndo anaulipia.

Chukua mteja anauza vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kabla hujaenda omba ritani zake za VAT (zile fomu za kodi ya ongezeko la thamani anazopeleka kila mwezi) za mwaka mzima na hesabu zilizokaguliwa, jumlisha mauzo ya miezi yote 12 halafu linganisha na yale ya kwenye hesabu, mara nyingi hayalingani na TRA, mamlaka ya mapato, wakija wataliona hilo mapema tu. Sasa ukiuliza kwa upole hii tofauti imetokana na nini, bosi anaweka simu chini anakusikiliza. Na viwango hakikisha ni vya sasa maana bajeti zinabadilisha, 2023 kiwango cha mauzo cha kulazimika kujisajili VAT kilipanda kutoka milioni 100 mpaka 200, SDL nayo, ile tozo ya kuendeleza ujuzi anayolipa mwajiri kwenye mishahara, ikashuka kutoka asilimia 4 mpaka 3.5. Ukitaja cha zamani mbele ya watu, kila utakachosema baada ya hapo watakitilia shaka.

Ukifika getini fungua macho. SDL inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 kwenda juu, sasa karatasi ya mishahara inasema 8 halafu stoo unaona vijana kibao wanashusha saruji. Usiropoke pale pale, andika.

Ila kitu ambacho naona wengi wanakidharau ni mhasibu wa pale. Wanampita wanamkimbilia bosi. Pengine ni mtu mzima, kakaa na hizo faili miaka na miaka, akikuona tu anawaza huyu kaja kuniumbua. Anza na yeye, mpe shikamoo yake, kaa mezani kwake akuonyeshe anavyopanga kazi, na kasoro uliyoikuta mwambie yeye kwanza ili kwenye kikao aingie na majibu. Ukimdhalilisha siku ya kwanza kila karatasi utaambiwa njoo kesho, na yeye ndo anajua risiti za EFD, zile za mashine za kielektroniki, za mwaka juzi ziko boksi gani. Zile zinafifia maandishi jamani, mkizipata tu zitoeni kopi siku hiyo hiyo.