Filamu ya katuni kwa mtoto anayependa kitabu chake cha picha

Umeuliza mtoto wako aanze na filamu gani ya katuni iliyotokana na kitabu cha picha. Kwa kuwa ana miaka minne na hapendi hadithi ibadilishwe, anza na The Snowman ya 1982. Kitabu cha Raymond Briggs cha 1978 hakina neno hata moja, na filamu nayo, dakika 26 hivi, inaacha muziki usimulie. Michoro imebaki na ule ulaini wa penseli za rangi, yaani ni kama kurasa zenyewe zinatembea! Sehemu ya Baba Krismasi haimo kitabuni, iliongezwa, lakini imekaa vizuri sana. Mwisho unahuzunisha, kwa hiyo tazameni pamoja. The Gruffalo ya 2009, nayo imetokana na kitabu cha picha, pia ni nzuri, nusu saa tu. Shrek isubiri: kitabu cha William Steig cha 1990 kimebadilishwa mno.