Ukienda fyordi za Hornstrandir, hesabu maji kabla ya kilomita

Boti iliniteremsha kwenye fyordi ya Veiðileysufjörður huko Hornstrandir, kaskazini-magharibi mwa Aisilandi, ikageuza kurudi mji wa Ísafjörður. Hapakuwa na nyumba, barabara wala mtandao wa simu. Wakazi wa mwisho wa Hornstrandir walihama mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tangu 1975 eneo hilo ni hifadhi.

Wengi tunadhani nchi ya volkano ni moshi na moto. Huku hakuna volkano hai. Kuna lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Baadaye barafu ikachonga mabonde marefu, bahari ikaingia ndani: hizo ndizo fyordi. Sogea karibu na ukuta wa mlima: katikati ya mawe meusi utaona mstari mwekundu, mwembamba kama kiganja. Ni udongo wa zamani uliofunikwa na lava iliyofuata. Niliugusa ukamegeka vidoleni.

Tabaka hizo ndizo zinazochosha miguu, kwa sababu mlima umekaa kama ngazi. Unapanda changarawe, unafika tambarare, kumbe mbele kuna kipandio kingine. Hafnarskarð, njia ya kuvukia mlima kwenda ghuba ya Hornvík, ina mita 519 tu kutoka usawa wa bahari, lakini mwezi Julai bado nilikanyaga theluji na ukungu ukanifunika. Ukungu ukishuka, kaa ulipo hadi uione alama ya njia inayofuata.

Kosa langu kubwa lilikuwa Hornvík kwenyewe. Nilitaka kuvuka mto Hafnarós kuelekea majabali ya Hornbjarg. Mimi ni mtu wa Tanga, kupwa na kujaa nimekujua tangu utotoni, na bado sikuangalia jedwali la maji! Nilikuta yamejaa. Nikaingia hadi mapajani, miguu ikafa ganzi, nikarudi haraka. Nilikaa mchangani kwa muda wa saa nne nikitetemeka, mbweha mmoja akinipita bila woga (hapa hawawindwi). Maji yalipopwa, nilivuka yakiwa chini ya magoti.

Chapisha jedwali la maji kwenye karatasi, maana simu haitakusaidia. Beba viatu vya kuvukia mito. Ukivuka peku mawe yatakukata. Na chakula ongeza cha siku mbili, kwa sababu bahari ikichafuka boti haiji.