Kompyuta ya Maalim Ilikuwa Bado Iko 2010

Salamu zilipokwisha na kahawa ikashuka, Maalim akanionesha lile boksi alilolifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli. "Mwanangu, hii nimeshapigiwa Windows mara mbili, na pepo hajatoka." (Kupiga Windows ni kuufuta ule mfumo unaoendesha kompyuta na kuuweka upya.)

Ni kompyuta ya mezani, mtumba uliopitia Dar ukaja Pemba kwa boti. Maalim huandikia mitihani ya skuli na hesabu za karafuu za shamba la urithi, na alichokuwa akikitaka siku hiyo ni kidogo: kuinstoli programu moja tu. (Vitabuni wanaandika kusakinisha. Sijamsikia mtu hapa Wete akisema hivyo, nami naandika tunavyosema.) Programu yenyewe ni ya aina ile ambayo unapakua kifaili kidogo, kisha hicho kifaili ndicho kinachovuta mzigo uliobaki kutoka mtandaoni. Kila akikibonyeza kinazunguka dakika nzima, halafu kinaandika kwamba hakuna mtandao. Na mtandao upo. Simu iko pembeni, hotspoti imewashwa, bando tele, meseji za WhatsApp zinaingia moja baada ya nyengine.

Fundi wa kwanza alisema Windows imechoka, akapiga mpya. Wa pili akasema mwenzake alipiga vibaya, akapiga mpya zaidi. Katika mapigo hayo mawili mitihani ya miaka mitatu ikaenda na maji, na kosa likabaki palepale. Siwalaumu sana. Kupiga Windows ni kazi isiyotaka maswali: saa moja na nusu, mteja anarudishiwa mashine safi, na mara nyingi kosa kweli huondoka bila ya mtu yeyote kujua lilikuwa nini. Shida ni pale lisipoondoka.

Nikaiwasha. Kabla Windows haijaingia, kioo cheusi kikaleta mistari miwili ya maneno meupe na kutaka nibonyeze F1. Kabla sijasoma, mkono wa Maalim ulishapita mbele yangu na kubonyeza. Nikamuuliza kile ni nini. "Hiyo ndivyo inavyowashwa," akasema. Miezi minane kila asubuhi alikuwa akibonyeza F1, akidhani ni kama kupiga stati pikipiki.

Nikaizima, nikaiwasha tena, safari hii nikaushika mkono wake. Mistari ile ilikuwa ikisema saa na tarehe hazijawekwa. Windows ilipoingia nikatazama pembe ya chini kulia: 1 Januari 2010, saa sita na dakika chache za usiku, na sisi jua la alasiri linatuchoma mgongoni. Nikamwambia, Maalim, mashine yako iko katika zile siku ambazo Unguja nzima haina umeme, maana ule mgao wa giza ulianza Disemba 2009 ukaja kwisha Machi 2010. Akacheka mpaka akakohoa.

Sasa tarehe inahusiana nini na mtandao? Inahusiana sana. Siku hizi karibu kila tovuti, kabla ya kukupa kitu, inakuonesha cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Kompyuta ndiyo inayokikagua, na saa inayoitumia ni yake yenyewe. Ikiwa kwake bado ni 2010 na cheti kimeanza juzi, basi kwa hesabu yake cheti hicho hakijazaliwa. Ni kama mkaguzi wa bandari yetu ya Mkoani, hapa Pemba, aliyeshika tiketi yako iliyoandikwa safari ya Alhamisi, na yeye anaamini leo ni Jumanne. Hakupandishi. Kisha kile kifaili kidogo, kwa kuwa kimekataliwa mlangoni, kinakwambia "hakuna mtandao", jambo ambalo si uongo kabisa lakini linakupeleka kutafuta pasipo na kitu.

Saa ya kompyuta ya mezani inalindwa na kibetri cha kidonge kilichomo ndani. Waya ukiwa ukutani na swichi imewashwa, kibetri kinapumzika, umeme ndio unaobeba saa. Maalim, kama watu wote wa huku wanaoogopa umeme kurudi kwa kishindo, kila usiku huzima ukutani. Kwa hiyo usiku kucha kibetri kinafanya kazi peke yake, na cha kwake kilikuwa kimeshakufa. Asubuhi mashine inaamka haijui ni mwaka gani, inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Ungeipiga Windows mara kumi, saa haimo ndani ya Windows.

Kubadilisha ni kazi ya dakika tano. Zima, chomoa waya kabisa, fungua kifuniko cha ubavuni. Utaona kidonge cha rangi ya fedha, ukubwa wa sarafu, kimekaa kwenye kikombe chake. Mara nyingi kimeandikwa CR2032, maana yake upana ni milimita 20 na unene ni 3.2, nguvu yake ni volti 3. Pembeni pana kijikucha cha chuma. Kisukume kwa bisibisi ndogo na kidonge kinaruka chenyewe. Kipya kinaingia upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwa Maalim kile kijikucha kilikuwa kimeota kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi haina huruma, nikakisugua kwa ufutio wa penseli wa mwanafunzi mpaka kikang'aa. Betri yenyewe tuliipata mjini Chake Chake kwa muuza saa. Tukaweka tarehe, tukabonyeza kile kifaili kidogo, na programu ikaingia kimya kimya kama haijawahi kugoma.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kompyuta iliyokataa programu, jambo la kwanza natazama saa. La pili namuuliza: ilikwambia nini? Na jibu huwa ni lilelile: "Ilileta maneno, nikabonyeza OK." Jamani, hayo maneno ndiyo dawa. Kabla ya kubonyeza OK toa simu, piga picha kioo kizima pamoja na namba, hata kama ni namba mbaya kama 0x80070070. Hiyo inasema diski imejaa. 0x80070005 inasema huna ruhusa, kwa mfano umeingia kwa akaunti ya mtoto na si ya mwenye kompyuta. 1618 inasema kuna programu nyengine inajiinstoli wakati huohuo, subiri au uiwashe upya mashine. 1603 ndiyo yenye uvivu, yenyewe inasema tu "imeshindikana", na hapo ndipo unapoanza kupitia moja moja: nafasi, ruhusa, mabaki ya toleo la zamani.

Juu ya nafasi nina neno, kwa sababu linawakamata wengi. Diski imegawiwa mbili, C imejaa, D iko wazi, mtu anaielekeza programu iingie D na bado inakataa kwamba hakuna nafasi. Anaona mashine inamdanganya. Programu nyingi hujifungua kwanza ndani ya C, kwenye faili za muda, ndipo zihamie ulikoziambia. Shika kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, ingiza, futa vilivyomo. Vitakavyokataa kufutika viache, vinatumika. Kwa shemeji yangu tulitoa takataka za GB 11 hapo peke yake.

Na mimi mwenyewe nisijifanye hodari. Mwaka juzi nilikwenda Unguja kwa shughuli zangu, nikapita kwa rafiki mwenye mtandao wa kasi, nikapakua programu kubwa ya GB 1.3 ili nisimalize bando langu. Nikaitia kwenye flashi, nikapanda boti, nikafika Mkoani, daladala mpaka Wete, nikala, nikachomeka flashi nikiwa na raha zangu. "Faili limeharibika." Nikajaribu mara nne, nikailaumu kompyuta, nikailaumu flashi, nusura nimlaumu rafiki yangu. Kumbe upakuaji ulikatika karibu na mwisho na mimi sikutazama. Faili lilikuwa GB 1.1. Safari nzima ya bahari kwa ajili ya faili lenye kichwa lisilo na mkia.

Siku hizi siondoki pale nilipopakulia kabla ya kulinganisha ukubwa. Na tovuti nyingi za maana huweka karibu na faili mstari mrefu wa herufi na namba unaoitwa SHA-256. Fungua dirisha jeusi la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Utapata mstari wako wa herufi na namba 64. Ukifanana na wa tovuti, faili ni lilelile. Hata tarakimu moja ikipishana, lipakue tena, usipoteze jioni yako.

Flashi nayo ina mchezo mwengine. Nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Flashi ni ya GB 32, tupu kabisa, na inakwambia faili ni kubwa mno. Haijaharibika. Kama ina vitu vyako vitoe kwanza, kisha iformati (yaani ifute na kuipanga upya) kwa exFAT, na itabeba.

Umeme. Hapa makosa ni yangu tena. Niliwahi kuanza kuinstoli kitu kirefu saa tatu usiku bila kutazama mita ya Tukuza; uniti zikaisha katikati, kompyuta ya mezani haina betri ya kuishikilia, ikazimika programu ikiwa nusu ndani nusu nje. Nilipoirudia ikakataa kuingia kwa sababu "imeshaingia", na ikakataa kutoka kwa sababu "haijaingia". Kilichoniokoa ni kile kifaa cha bure cha Microsoft cha kurekebisha programu zilizokwama kuingia au kutoka; unakipakua kutoka kwao, unaichagua programu kwenye orodha, kinang'oa mabaki, unaanza upya. Mwenye laptopu ana nafuu, ila naye asianze na betri ya asilimia kumi.

Kosa la "VCRUNTIME140.dll haipo" linanikera kuliko yote, na si kwa sababu ni gumu. Linanikera kwa sababu mtu akilitafuta mtandaoni anakutana na tovuti zinazompa hicho kifaili kimoja peke yake, akitie kwa mkono. Usifanye. Hujui kimetoka wapi, na kikikubali leo kesho utaambiwa kinakosekana chengine. Kifaili hicho ni kipande cha furushi liitwalo Visual C++ Redistributable, Microsoft wanalitoa bure, na programu nyingi hulitegemea. Instoli furushi zima, na kama mashine yako ni ya biti 64 weka yote mawili, la x86 (biti 32) na la x64 (biti 64), kwa sababu programu nyengine bado ni za 32.

Na ukiona programu inakwambia haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii, mara nyingi hilo ndilo suala la biti 32 na 64. Shika kitufe cha Windows na Pause, utaona mashine yako ni ipi. Mashine kongwe pia zinaachwa nyuma taratibu: Windows 7 ilikwisha kuhudumiwa Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zinaendelea kuwaka, lakini matoleo mapya ya programu yanazidi kuzikataa, na hapo hakuna ufundi wa kukusaidia isipokuwa kutafuta toleo la zamani la programu hiyo kwa waliolitengeneza wenyewe.

Kuna flashi zinazozunguka mitaani zimejaa programu za kulipiwa zilizovunjwa kufuli, pamoja na karatasi ya maelekezo ambayo mstari wake wa kwanza ni "zima antivairasi". Mimi huishia kwenye mstari huo. Mgeni anayekutaka umfunge mbwa ndipo aingie, muulize anakuja kufanya nini.

Wakati wa kupiga Windows kweli upo. Diski ikianza kugonga ndani kama kijiko kwenye kikombe, badilisha diski na upige. Virusi vikishajenga nyumba, piga. Ila fundi asiguse kabla hujanakili vitu vyako kwenye diski ya nje, na usimwambie tu "niwekee faili zangu", mwoneshe. Za Maalim zilikuwa kwenye Desktop, ndiyo maana zilikwenda.

Maalim sasa hunitumia picha kabla ya kugusa kitu. Ya wiki iliyopita ilikuwa ya printa: programu yake inaingia, inafika nusu, inasimama. Nikamjibu achomoe waya wa printa, aanze upya, auchomeke pale tu atakapoambiwa. Baada ya robo saa ikaja sauti yake, nyuma yake printa inanguruma: "Imeshakubali. Na hilo la waya limeandikwa hapohapo mstari wa pili, mwanangu. Nilikuwa nakupima."