Birika Lilipoa, na Kosa Lilikuwa Langu

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja aliye ughaibuni kama mimi. "Dada, hebu tupe siri. Umeshataja mara kadhaa hiyo wikendi yenu ya masomo ya Kiyahudi inayoandaliwa na watu wasiolipwa hata senti. Sisi tumejaribu mara mbili wikendi ya kuwafundisha watoto wetu Kiswahili. Mara ya kwanza walikuja watu kumi na wawili. Mara ya pili kamati iligombana kabla tarehe haijafika. Ninyi mnafanyaje?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili. Ilipofika saa sita usiku bado naandika, nikaona bora niliweke jibu hapa, maana najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo: kuwatoa watu wenu mjini siku mbili, mle pamoja, msome pamoja, watoto wajue wametoka wapi.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa. Uingereza nina mwaka wa kumi na tano sasa, na dini ya Kiyahudi niliingia baada ya kusoma karibu miaka miwili, habari ambayo nimeshaisimulia vya kutosha. Mamangu alipoelezwa kwenye simu aliuliza swali moja tu: "Na pweza je?" Pweza hapana, Mama. Akanyamaza kama aliyepewa habari ya msiba.

Sasa hizo wikendi. Hatukuzibuni sisi. Mwaka 1980 hapa Uingereza watu wapatao 80 walikutana mwishoni mwa Desemba, wakati vyuo vimefungwa na nchi nzima iko kwenye Krismasi, wakafundishana mambo ya Kiyahudi. Wakaita Limmud, neno la Kiebrania, yaani kujifunza. Leo mikutano ya namna hiyo iko katika makumi ya nchi, na ule wa Desemba umewahi kujaza watu elfu mbili na zaidi. Anayefundisha halipwi. Anayepanga viti halipwi. Kwenye beji unaandikwa jina lako na basi, hakuna rabi, hakuna profesa, hakuna daktari. Unaweza kukaa saa nzima ukibishana na mzee mmoja mpole kisha ukaambiwa ndiye mwandishi wa vitabu ulivyovisoma chuoni. Yamenikuta.

Usidhani lilikuwa jambo jepesi. Kwa miaka mingi wakuu wa Wayahudi Waorthodoksi, wale wanaoshika sheria za kale kikamilifu, walikaa mbali nalo, kwa sababu kuketi kwenye ratiba moja na rabi wa Mageuzi, tawi la Wayahudi wanaozilegeza sheria hizo, kungeonekana kama kukubali anachofundisha. Ephraim Mirvis alipokwenda Desemba 2013, miezi michache tu baada ya kuwa Rabi Mkuu wa Waorthodoksi wa Uingereza, kuna marabi wenzake waliompinga hadharani. Alikwenda hata hivyo.

Wikendi yetu sisi ni ndogo, mtoto wa mjukuu wa ile. Watu sabini hivi, katika kambi ya vijana huko vilimani Derbyshire, mwishoni mwa Novemba kwa sababu ndipo kambi inapokuwa nafuu. Ni nafuu kwa sababu ni baridi. Miaka sita iliyopita nilichaguliwa kuongoza maandalizi.

Nitasema wazi: niliongoza vizuri. Miezi minane niliishi na ile ratiba. Nilitafuta walimu ishirini na wawili. Nilijadili bei na wenye kambi mpaka wakapunguza. Jiko la kambi si la kosheri, yaani halifuati sheria za Kiyahudi za chakula, ambazo hazichanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo tulibeba sufuria zetu wenyewe, za nyama zikiwa na alama nyekundu na za maziwa alama ya buluu, na alama zile nilizibandika kwa mkono wangu huu, moja moja, mezani kwangu, usiku. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Si umwachie mtu?" Nilikuwa namjibu kwamba watu hawafanyi ipasavyo.

Ijumaa ikafika. Lazima nieleze hapa, la sivyo hamtaelewa ukubwa wa kosa. Sabato inaingia jua linapozama, na mishumaa huwashwa kabla; desturi ya wengi ni dakika 18 kabla. Sisi wa pwani hili halitushangazi. Usiku wa Ijumaa kwetu ni usiku ule wa Alhamisi, siku inaanza na giza, mtoto wa Mombasa anajua. Tofauti ni kwamba Mombasa jua lina adabu, huzama mwaka mzima karibu saa ile ile. Derbyshire mwisho wa Novemba linazama saa kumi kasoro, yaani alasiri, watu wengine bado wako njiani kwenye foleni za magari. Na likishazama, huwashi moto wala taa, hupiki, huandiki hata jina lako, mpaka nyota tatu zionekane kesho yake. Saa 25 hivi. Kila kitu cha moto lazima kiwe tayari kwenye moto kabla.

Kwa hiyo saa tisa unusu jiko letu lilikuwa kama bandarini meli ikitaka kung'oa nanga. Cholenti ilikuwa kwenye bamba la umeme, nacho ni chakula cha maharagwe, shayiri, nyama na viazi kinachotokota usiku kucha, binamu wa bokoboko ukipenda. Taa ya ndani ya friji imetolewa, maana ukifungua mlango ikawaka umevunja. Kulikuwa na birika kubwa la umeme, lile la lita ishirini lenye bomba, la kutoa maji ya chai hadi Jumamosi jioni. Na kulikuwa na mzee mmoja, mtumishi mstaafu wa posta, ambaye birika lilikuwa jukumu lake.

Mzee huyu ni wa polepole. Alilijaza polepole. Akalifuta chini, akapangusa waya, akatazama soketi ya kwanza, akatazama ya pili, akawa anasoma kijikaratasi kilichobandikwa ukutani. Mimi namwangalia, jua namwangalia, nikashindwa. Nikamwambia, "Niachie, tafadhali, nenda ukavae." Nikachomeka mwenyewe, taa nyekundu ikawaka, nikakimbilia mishumaa.

Kijikaratasi kile kilisema soketi ile inaongozwa na saa inayozima umeme yenyewe. Saa tano usiku ikazima.

Asubuhi, baridi ya kuuma masikio, watu sabini wanashuka kwa chai. Nikafungua bomba. Maji yakatoka baridi, yakanimwagikia vidoleni. Hakuna wa kuliwasha tena. Hata mimi, ambaye nilizaliwa naweza, sasa siwezi. Tukiwa tumesimama pale na vikombe mikononi, akaingia mtunza kambi, Mwingereza asiye Myahudi, na kikombe chake cha chai aliyojipikia kwake. Kinafuka mvuke. Akatusalimia, akanywa funda moja, akatazama dirishani, akasema leo kuna kibaridi. Watu sabini tulikifuata kile kikombe kwa macho hadi mlangoni.

Mzee wa posta hakusema neno. Alichukua majagi, akajaza maji, akayapanga mezani moja moja, polepole.

Masomo yalikwenda vizuri, ninyi mkiniuliza. Wapo walioniambia ilikuwa wikendi bora kuliko zote. Lakini Jumapili mchana, kwenye kufunga, mmoja wa kamati akasimama na karatasi ya shukrani. Akawashukuru wapishi. Akawashukuru walimu, waliobeba viti, waliochukua watu stesheni. Akamshukuru mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akizunguka kambini kutangaza kipindi kipya, maana kengele ya umeme haipigwi. Watu wakapiga makofi, wakaanza kukunja viti. Jina langu halikuwemo.

Nimeshasamehe. Naamini ilikuwa bahati mbaya tu, karatasi ilikuwa na upande wa pili. Ila mwaka uliofuata sikwenda. Nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Mwaka wa tatu nikarudi, na sikujiandikisha kwa uongozi wowote. Nilijiandikisha kuosha vikombe na kufundisha kipindi kimoja, juu ya siku inaanza lini: saa za Waswahili na saa za Torati. Walikuja watu tisa. Niliwaambia kwetu saa moja asubuhi ndiyo ile wao wanayoiita saba, mama mmoja akasema maisha yake yote amekuwa akingojea mtu wa kumwambia kwamba saba si saa ya kuamka. Kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na sikuwa na hata karatasi ya kushika.

Jumamosi mchana kulikuwa na kusoma wawili wawili. Hiyo ndiyo mila ya Wayahudi: husomi peke yako, unakaa na mwenzako, mstari mmoja mnaugombania mpaka utoke jasho. Nikapangiwa, sijui kwa bahati au kwa ujanja wa mtu, mzee wa posta. Andiko letu lilikuwa kisa cha Honi katika Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya marabi. Honi alilala miaka 70. Akaamka, akaenda nyumba ya masomo, akawasikia wakisema mambo yako wazi leo kama zama za Honi. Akawaambia, "Mimi ndiye Honi." Hawakumwamini, wala hawakumpa heshima aliyostahili. Akaumia moyo, akaomba afe, akafa. Ndipo kukasemwa: ama wenza, ama kifo.

Nikamwambia mzee kisa kiko wazi, mtu hawezi kuishi bila wenzake. Yeye akarudi juu, kidole kwenye mstari, akasoma tena. Dakika nzima ikapita. Kisha akaniuliza, "Kwa nini hakuketi nyuma? Nafasi ilikuwepo. Angeketi nyuma akasikiliza kama mgeni mwingine yeyote. Kwa nini alitaka kwanza wamjue?"

Nikajifanya natafuta miwani.

Ndugu zangu, nasema haya kwa mapenzi. Ugonjwa wa Honi ndio ugonjwa wa shughuli zetu. Tukitaka kuwakutanisha watu thelathini tunaanza na mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti na mlezi. Kisha meza kuu, yenye kitambaa na chupa za maji ambazo wengine hawapati. Kisha mgeni rasmi, ambaye atachelewa saa tatu, atasoma hotuba aliyoandikiwa, atakula kabla ya wote na kuondoka kabla ya watoto kuimba. Watoto waliofanya mazoezi mwezi mzima! Nimekaa kwenye sherehe hizo, mnazijua, na baadhi yenu ndio wageni rasmi wenyewe. Tuacheni. Mtu akija awe mtu. Mwenye shahada tatu abebe godoro lake.

Basi, dada uliyeniandikia, ushauri wangu ni huu, na sina mwingine mwingi.

Gawa kazi, kisha ondoka jikoni. Kumpa mtu kazi na kumsimamia kichwani si kugawa. Akifanya polepole, mwache. Huenda anasoma kijikaratasi.

Kila mtu alipe, hata mwalimu, hata wewe. Mkiwa na fedha za ziada wasaidieni wasioweza, kimyakimya, mtu mmoja ajue na wengine wasijue. Kwetu anayefundisha analipa kiingilio kama anayesikiliza, ndiyo maana hakuna anayeringa.

Usiwafundishe watoto siku nzima huku wazazi wanakunywa chai nje. Wazazi wenyewe wafundishwe. Mtoto wa miaka kumi anayejua nyimbo za kuruka kamba afundishe wakubwa, uone kama hatarudi mwakani.

Na gawa kazi. Najua nimeshasema. Hiyo kamati yako iliyogombana, nakuhakikishia palikuwa na mtu mmoja aliyeshika kila kitu, na ninamfahamu mtu wa aina hiyo vizuri sana.

Birika? Mzee wa posta ndiye mkuu wa birika mpaka leo. Alipolirudia tu aliniomba nimwandikie neno la kwetu la kumzuia mtu kugusa. Nikamwandikia kwenye karatasi, Alhamisi, kwa herufi kubwa: USIGUSE. Akaibandika juu ya swichi kwa selotepu. Mwaka jana kijana mmoja mgeni alimfuata rabi wetu kumuuliza neno lile shina lake la Kiebrania ni lipi, na rabi, ambaye hapendi kusema hajui, alifikiria muda mrefu.

Mkipata tarehe nijulisheni. Nitakuja kwa nauli yangu, kiingilio nitalipa, bwenini nitalala na wengine. Beji yangu iandikeni jina la kwanza peke yake. Mkiwa na mgeni rasmi, siji.